Shuka la Kitanda Namba Nne

Damu haifuliwi kwa maji ya moto. Ukiimwagia maji ya moto inapikika, inashika uzi, na kuanzia hapo shuka hilo ni la kukatia matambara. Bi Pasi alilijua hilo kabla ya mambo mengi ya dunia, na kwa miaka ishirini na sita aliwafundisha wasichana wapya katika chumba cha kufulia cha hoteli, chini ya ardhi, ambako mchana uliingia tu pale mtu alipofungua mlango wa ngazi. "Maji baridi kwanza," aliwaambia. "Halafu chumvi. Halafu subira. Na kabla ya hayo yote, macho."

Macho ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Wengine walipakia mashine, wengine walikunja, yeye alisoma. Mashuka ya vyumba mia na arobaini yalishushwa kwake kila siku, naye alinyanyua moja moja kwenye taa, akalivuta kidogo kati ya vidole, akasema: divai. Rangi ya mdomo. Kutu ya kitasa cha sanduku. Chai ya maziwa, imelala siku mbili. Damu ya mtu aliyejikata akinyoa ndevu, akajifuta kwa shuka wakati taulo liko mbele yake, mshenzi huyo. Kila shuka lenye doa lilibanwa kadi ndogo kwa pini: doa la nini, limeonekana saa ngapi, lisitiwe nini. Kadi hizo alizibuni mwenyewe, baada ya zamu ya mchana kuharibu mashuka kumi na mawili kwa kufua bila kuuliza. Mwenye hoteli hakuwahi kujua kwamba zipo.

Jina la Bi Pasi alipewa na wenzake kazini. Pasi yenyewe hakuwahi kuishika. "Huyu ukimkaribia umevaa sketi ya mikunjo," walisema, "unaondoka imenyooka." Alikuwa mwepesi wa kuwaka na mzito wa kusahau. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walidai kwamba yaliyotokea wodini yalitokana na tabia yake tu. Uongo. Hasira ya wodini ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilikuwa na siku na saa.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa kushukuru. Alimshukuru mteja aliyemletea kiatu kilichooza, alimshukuru aliyemkalisha foleni, na ukimkanyaga mguu yeye ndiye aliyekuomba radhi. Alivuta sigara kwa miaka arobaini. Mkewe akimgombeza, alisikiliza hadi mwisho.

"Ahsante, mke wangu. Umesema kweli tupu."

Kisha akawasha nyingine.

Alikwenda hospitali kwa sababu ya mgongo. Mpimaji akapitisha kifaa chake juu ya tumbo, akakirudisha, akakipitisha tena, akaenda kumwita mwenzake. Ule mshipa mkuu wa damu, ushukao kutoka moyoni na kupita tumboni, ulikuwa umedhoofika ukuta na kuvimba kama tairi la baiskeli linapotaka kupasuka. Ukipasuka, walisema, hakuna muda wa kufika popote. Ilibidi afunguliwe tumbo, kipande kibovu kiondolewe, na mahali pake pashonwe bomba la kitambaa.

"Kitambaa?" Bi Pasi aliuliza.

"Kitambaa maalumu, mama. Hakiozi."

"Na kikichafuka kinafuliwaje?"

Daktari akacheka. Yeye hakucheka, alikuwa ameuliza.

Operesheni ilifanyika Jumatatu na ilichukua saa tano. Daktari mkubwa alitoka mwenyewe kuwapa habari, mrefu, vidole vyembamba, na viatu ambavyo fundi alikuwa amevisifu hata akiwa juu ya kitanda cha kusukumwa: vimeshonwa kwa mkono, vile, angalia kisigino. "Imekwenda vizuri sana," alisema. Na ni kweli, ilikwenda vizuri. Hilo hakuna aliyewahi kulibisha, na labda ndilo lililoharibu kila kitu kilichofuata, kwa sababu mtu aliyefanya kazi nzuri huwa hana haraka ya kutazama nyuma yake.

Jumanne alilala katika chumba cha wagonjwa mahututi. Jumatano alfajiri walimhamishia wodini, kitanda namba nne kati ya sita. Ndugu waliruhusiwa kuingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuwaosha wagonjwa wao. Bi Pasi alifika na beseni, sabuni, na mashuka mawili ya nyumbani, maana ya hospitali hakuyaamini.

Alimkuta mumewe ana jasho.

"Nisamehe, mke wangu. Nimechafua. Imenitoka tu, sikuweza kuizuia."

"Tulia. Nani amekuuliza?"

Akafunua. Doa lilikuwa pana kama sinia, la maji maji, kahawia pembezoni na jekundu lililokoza katikati. Alilisoma kabla hajaamua kulisoma. Damu. Mbichi. Imechanganyika na choo, kwa hiyo haikutoka kwenye kidonda. Imetoka ndani, chini ya tumbo.

Sasa sikilizeni mikono yake ilifanya nini. Ilikuwa na miaka ishirini na sita ya mazoea, na haikumsubiri. Ilimgeuza mgonjwa ubavu, ikavuta shuka, ikamfuta, ikamtandikia jingine jeupe, ikalipeleka lile chafu kwenye sinki la bafuni, ikafungua maji baridi. Ikasugua na sabuni, ikasuuza, ikasugua tena. Ndani ya dakika saba shuka lilikuwa jeupe pe. Akalitundika kwenye upau wa dirisha likidondosha maji, akasimama akilitazama, na moyo wake ukatulia. Hilo ndilo ambalo hadi leo hajajisamehe. Kufua ni mazoea tu. Lakini alipomaliza alijisikia vizuri.

Ndipo alipokwenda kwa nesi wa zamu.

"Sista, mume wangu anatoa damu."

"Kwenye kidonda?"

"Kwenye choo."

Nesi, mwanamke wa makamo mwenye saa ndogo kifuani, alinyanyua uso uliojaa furaha. "Amepata choo? Kitanda namba nne amepata choo? Siku ya pili! Mama, hiyo ni habari njema. Mtu akifunguliwa tumbo, utumbo unalala. Sisi hapa kazi yetu ni kuusubiri uamke. Wengine unachukua siku nne, tano." Alikuwa tayari ameshika kalamu. Kwenye karatasi ya mgonjwa palikuwa na kiboksi kidogo: Choo. Akatia alama ya vema.

"Andika na damu."

"Shuka liko wapi nilione?"

Bi Pasi akaonyesha kidole dirishani. Nesi akalitazama shuka, akamtazama yeye.

"Hili ni safi, mama."

"Nimelifua."

"Umelifua." Nesi alitamka neno hilo polepole. "Haya. Kabla ya operesheni alikuwa anameza vile vidonge vya chuma, vya kuongeza damu? Alikuwa anameza. Basi ni vyenyewe. Vinachafua choo, kinakuwa cheusi, watu wanashtuka."

"Cheusi nakijua. Hii ilikuwa nyekundu."

"Mama, sisi tuna uzoefu na haya mambo."

"Na mimi?"

"Wewe unafanya kazi gani?"

"Ni dobi."

Nesi akatabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na tabasamu lake halikuwa baya. Lilikuwa lile wanalopewa watoto wakisema wamemwona jini. Bi Pasi angeweza kusamehe tusi. Tabasamu lile alikwenda nalo nyumbani.

Saa mbili na nusu daktari mkubwa alipita na wanafunzi wake. Alianzia miguuni. Kila siku alianzia miguuni: aliweka vidole viwili juu ya unyayo, akatafuta mapigo, akayapata, akatabasamu, na wanafunzi wakaandika. Miguu ikiwa na joto, bomba lake linapitisha damu. Hapo ndipo aliposhona, na hapo ndipo alipotazama.

"Miguu ina joto. Na tumbo?"

"Limefunguka, daktari," alisema nesi. "Leo asubuhi."

"Bora kabisa. Mpeni uji mwepesi."

"Ahsante sana, daktari," alisema fundi viatu.

"Kuna damu, daktari," alisema Bi Pasi.

Daktari akageuza macho kwa nesi. "Vidonge vya chuma," nesi akasema kwa upole. Daktari akatazama kitanda. Kitanda kilikuwa cheupe, kimenyooshwa, kimekunjwa pembe kama bahasha. Mkewe mwenyewe alikitandika. Akapigapiga unyayo wa mgonjwa na kwenda kitanda namba tano.

Wakampa uji. Alikunywa vijiko vinne, akashukuru, akausukuma. Mchana alishika upande wa kushoto wa tumbo, chini, na alipoulizwa akasema maumivu ni kidogo tu, yanakuja na kuondoka. Alikwenda haja mara mbili zaidi, na mara zote mbili mfagizi alikuwa ameshaondoa chombo na shuka kabla Bi Pasi hajafika kitandani. Alimkimbilia kwenye korido. Gunia la mashuka machafu lilikuwa limeshateremshwa.

"Kaka, lile la namba nne lilikuwaje?"

"Lilikuwa chafu, mama," mfagizi alisema kwa fahari. "Hapa hulikuti. Hii ndiyo wodi safi kuliko zote. Daktari mkubwa hataki kuona kitu."

Hataki kuona kitu. Bi Pasi alisimama pale koridoni, viatu vimelowa dawa ya kusafishia sakafu, na ndipo alipoelewa jinsi mahali pale palivyopangwa. Mfagizi alikuwa hodari. Nesi alikuwa hodari. Yeye mwenyewe alikuwa hodari kuliko wote. Na kazi hizo zote za watu hodari, ukizijumlisha, zilikuwa kufuta, ili macho makubwa yakifika yasikute cha kusoma. Mume wake alikuwa anasema jambo kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, yeye asiyejua kulalamika kwa mdomo, na kila alichosema kilikuwa kinafuliwa.

Alikwenda kazini alasiri ile, akatimiza saa zake. Wakati wa kutoka alifungua droo, akachukua kadi tatu na pini tatu. Msichana wa kukunja taulo alimwona.

"Bi Pasi, unahamisha ofisi?"

"Nakwenda kufundisha watu kusoma."

Alhamisi asubuhi alimkuta amebadilika. Midomo imekauka, paji la uso linachoma, tumbo limekaza na kung'aa kama ngoma iliyowambwa. Macho yake yalimfuata mkewe tangu mlangoni, yakiomba radhi. Akafunua. Doa lilikuwa kubwa kuliko la jana, na jekundu kuliko la jana, na lilikuwa na harufu ambayo hakuwa ameikuta kwenye shuka lolote la hoteli katika miaka yake yote. Harufu ya kitu kinachokufa kikiwa bado ndani ya mtu.

Mikono ilikwenda. Akaiona inakwenda, vidole vilikuwa vimeshashika pindo la shuka. Akaivuta nyuma. Akaketi kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda na kuikalia mikono yake yote miwili, kama mtoto aliyeambiwa asiguse keki. Alipoona imetulia, alitoa kadi moja, akaandika, akaibana kwa pini kwenye pindo: DAMU. Mbichi. Imetoka tumboni. Imeonekana saa kumi na mbili na dakika arobaini. LISIFULIWE.

"Mke wangu," alisema fundi viatu, "nibadilishie."

"Hapana."

"Nimelala kwenye uchafu."

"Naona."

"Kuna watu."

"Naona na watu."

"Nakuomba. Tangu tuoane nimekuomba nini mimi?"

"Hujaniomba kitu, na ndiyo ugonjwa wako mwingine huo. Daktari anapita saa mbili na nusu. Atakuona hivi hivi ulivyo."

Alilia. Mtu wa miaka sitini na tatu, aliyeshona viatu vya nusu ya mtaa, alilia bila sauti akitazama dari, na mkewe alikaa pale juu ya mikono yake akimtazama alie. Saa moja na dakika hamsini. Kama kuna mtu anadhani hasira ni jambo la kupiga kelele, basi hajawahi kuketi hivyo.

Mfagizi alikuja na ndoo. "Mama, pisha kidogo tufanye usafi."

"Gusa hilo shuka nikuonyeshe."

"Mama, ndiyo kazi yangu!"

"Na mimi ndiyo yangu. Ukilivuta, utanivuta na mimi, tutakwenda wote kwenye gunia."

Mfagizi akatazama sura yake, akaona heri aanze na madirisha.

Kisha akaja wifi yake, dada mkubwa wa mgonjwa, na chupa ya chai kwapani. Harufu ilimpokea mlangoni. Alifika kitandani, akaona, akaweka chupa sakafuni.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Nasubiri daktari."

"Mdogo wangu yuko hivi, wewe umekaa? Dobi wewe! Unafua vitanda vya wageni usiowajua hata majina, na wa kwako umemwacha kama mtoto asiye na mama?"

"Usiguse, wifi."

"Nitagusa! Damu yangu hii!"

"Damu yako ndiyo hiyo kwenye shuka. Itazame vizuri kabla hujaifuta. Mimi jana niliifuta."

Wifi alikuwa ameshashika pindo. Bi Pasi akamshika mkono, akaubana, na wakasimama hivyo juu ya mgonjwa, wanawake wawili wenye umri wa bibi, wakivutana shuka. Wanaume wa vitanda vingine waligeuzia nyuso ukutani. Yule wa kitanda namba tatu, mzee mwenye mguu mmoja, alisema bila kugeuka, "Shemeji, mfunike mwenzako. Sisi wanaume tunakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa."

"Basi kufeni kwa aibu nyinyi," Bi Pasi alisema. "Huyu wangu sijampangia kufa."

Kelele zikamleta nesi. Ni yule yule wa saa ndogo kifuani. Alikuja na maneno yake tayari, kwamba wodi haina fujo, kwamba kitanda kibadilishwe upesi, kwamba ataandika taarifa.

"Andika!" Bi Pasi akamwambia. "Tangu jana nakuomba uandike."

Nesi akatazama. Akaona kadi, akaisoma. Akaona doa lenyewe, chini ya kadi. Tabasamu halikuja. Aliweka mkono juu ya paji la fundi, kisha akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo akitazama ile saa yake, na midomo yake ikawa myembamba.

"Nampigia daktari sasa hivi," alisema. "Mama, mwache basi tumbadilishe. Nitamweleza mwenyewe."

"Jana nami nilieleza. Maneno hayana rangi, sista. Mpigie, lakini shuka haliondoki."

Simu ilipigwa. Daktari mkubwa alikuwa kwenye kikao. Alifika saa mbili na nusu kamili, wakati wake wa siku zote, wanafunzi nyuma yake, na akaenda moja kwa moja miguuni. Akaweka vidole viwili.

"Miguu ina joto."

"Daktari," Bi Pasi alisema, "miguu haijalalamika hata siku moja. Njoo huku juu."

Akafunua.

Mwanafunzi mmoja alirudi nyuma hatua moja. Daktari mkubwa aliinama, akaisoma kadi, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole. Kisha akaweka kiganja upande wa kushoto wa tumbo, chini, akabonyeza. Fundi viatu, ambaye hakuwahi kumjibu mtu vibaya maishani mwake, alitoa ukelele uliosikika hadi kwenye lifti.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Wewe ni nesi?"

"Mimi ni dobi. Jana nilikwambia, ukatazama shuka safi."

Baada ya hapo kila kitu kilikimbia: kitanda, chupa za maji ya mshipani, watu. Walimpitishia kamera ndogo kwa njia ya haja na kukuta ukuta wa utumbo umegeuka rangi. Saa sita mchana alikuwa mezani tena.

Daktari kijana mwenye macho mekundu ndiye aliyewaeleza, wifi na Bi Pasi, kwenye benchi la koridoni. Ule mshipa mkuu, alisema, una matawi. Tawi moja dogo linapeleka damu kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto. Wanapoweka bomba la kitambaa mara nyingi tawi hilo hufungwa, na watu wengi hawapati shida, kwa sababu matawi ya jirani yanasaidia. Kwa mzee hayakutosha. Kipande cha utumbo kilikosa damu, kikaanza kufa. Kuharisha mapema namna ile, tena kwa damu, ndiyo dalili yenyewe.

"Dalili inayojulikana?" Bi Pasi aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Imeandikwa vitabuni?"

"Imeandikwa."

"Basi mliitilia alama ya vema."

Kijana akainamisha kichwa. Wifi, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemsemesha, alimsogezea Bi Pasi kikombe cha chai iliyopoa.

Walikata utumbo wa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja. Mwisho uliobaki mzima waliutoa nje ya tumbo, kwenye tundu dogo ubavuni, na kuuvalisha mfuko. Alikaa siku kumi na mbili kwenye chumba cha mahututi na siku nyingine kumi na tano wodini. Sauti ilipomrudia aliwashukuru wote. Alimshukuru daktari mkubwa, alimshukuru nesi, akamshukuru mfagizi kwa jina lake. Mkewe ndiye ambaye hakumshukuru. Alipokea chakula mkononi mwake, akageukia dirisha. Siku moja tu alisema, bila kuulizwa:

"Ungenifunika uso, basi."

Bi Pasi hakuwa amelifikiria. Katika saa moja na dakika hamsini zile hakuwa amefikiria kwamba lile shuka jingine safi, lililokuwa kwenye beseni lake, lingetosha kufunika uso.

Siku ya kuruhusiwa, daktari mkubwa aliwakaribisha ofisini. Alikuwa na barua kwenye meza. Alisema bomba linafanya kazi vizuri sana. Alisema hayo mengine hutokea, kwa wachache, hata mikono iwe hodari namna gani.

"Muhimu ni kwamba tuliwahi," alisema.

"Nani?"

"Samahani?"

"Nani aliwahi?"

Mumewe akamgusa goti. Bi Pasi alikuwa ameshaigeuza barua upande wake. Iliandikwa kwamba tatizo liligunduliwa mapema, wakati wa ukaguzi wa kawaida wa wodi. Aliisoma sentensi hiyo kwa kidole, neno kwa neno.

"Daktari, hotelini kwetu shuka likiwa na doa linaulizwa mambo matatu. Shuka! La mtu aliyelala siku moja akaondoka. Mume wangu kwenye karatasi yenu alikuwa na kiboksi kimoja. Choo, vema. Hata rangi hamkuuliza. Na hapa bado mnafua."

"Mama, umechoka sana."

"Nimechoka tangu ile Jumatano. Hii unayoiona si uchovu."

Barua haikubadilishwa. Mumewe alishukuru kwa niaba ya wote wawili, wakaondoka. Alama ya vema bado ipo kwenye jalada, mahali fulani, kwenye rafu, na bado inasema kwamba asubuhi ile mambo yalikuwa mazuri.

Nyumbani waliishi kwa adabu, kama wapangaji wawili. Fundi aliubadilisha mfuko wake mwenyewe, mlango umefungwa, na matambara aliyoyatumia aliyafua mwenyewe kabla hajatoka. Sigara aliacha. Alirudi kwenye viatu, saa mbili kwa siku, halafu tatu. Damu yake ilikuwa pungufu na wakamrudishia vidonge vya chuma.

Wiki ya tatu ya vidonge, asubuhi, Bi Pasi akiwa jikoni amekwisha vaa sare ya kazi, alisikia anaitwa.

"Bi Pasi!"

Jina hilo la kazini mumewe hakuwa amewahi kulitumia. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mumewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, shati amelikunja juu ya tumbo, mfuko umeachia upande mmoja. Shuka limechafuka. Mikono yake ameikalia.

"Sijagusa," alisema. Hakumtazama. "Nimekuachia ulione kwanza."

Bi Pasi akalivuta shuka taratibu kutoka chini yake, akalipeleka dirishani, akalinyanyua kwenye mwanga. Kijani kilichokoza mno, karibu na cheusi, kama dawa ya viatu iliyokaukia kwenye kopo. Hakuna wekundu. Pembezoni hakuna kahawia. Harufu ya choo, basi.

"Ni nini?"

"Vidonge vya chuma."

"Una hakika?"

"Hivi ndivyo vinavyoonekana." Akalisogeza karibu zaidi na macho. "Havifanani. Havifanani hata kidogo, baba. Mtu aliyewahi kuvitazama hata mara moja hawezi, hawezi kabisa…"

Alikuwa amefikiri hasira hiyo imezeeka. Kumbe ilikuwa imeketi tu mahali fulani, imekalia mikono yake. Akalikunja shuka kifuani mwa sare safi ya kazi, akatoka nalo hadi bafuni. Doa hili halikuwa damu. Lilikubali maji ya moto. Akayafungua mpaka mwisho, mvuke ukapanda hadi kwenye kioo, akaanza kusugua kwa nguvu ambayo hakuna doa duniani lililoihitaji.

"Utalichana!" mumewe aliita kutoka chumbani.

"Nitalichana likinijibu!"

Maji yakaendelea kumwagika. Kisha akasikia hatua zake, polepole, mkono mmoja ukishikilia mfuko, zinakuja hadi kando yake, na mkono wa pili ukashika pindo la shuka.